Fowili si dawa ya utelezi wa lami

Kila msimu wa mvua ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: lami ikilowa, ingiza H4 (fowili ya mwendo wa kawaida, ambapo injini inazungusha magurudumu yote manne), gari halitateleza. Unatumwa kwa nia njema, lakini kwa magari mengi unapotosha.

Kwenye Land Cruiser hardtop au Hilux nyingi, H4 hufunga shafti ya mbele na ya nyuma, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zizunguke kwa kasi moja. Kwenye kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tofauti hiyo huishia kwa tairi kuteleza kidogo. Lami hairuhusu hivyo kwa urahisi: usukani unakuwa mzito, gari linajivuta kwenye kona, H4 hukwama na kugoma kutoka, na vyuma vinaumia. Breki nazo hazipati nguvu mpya, kwani tayari zinashika magurudumu yote manne.

Mkanganyiko unatokana na Subaru na Prado nyingi, ambazo huendesha magurudumu yote muda wote bila shida. Zina kifaa cha katikati kinachoruhusu tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma. Jirani yako mwenye gari kama hilo akisema haoni shida, hadanganyi. Gari lake ni la aina nyingine.

Fungua kitabu cha gari lako. Humo utaona H4 ni ya barabara gani na iingizwe kwa mwendo upi. L4, fowili ya mwendo wa polepole, kwa kawaida huingizwa gari likiwa limesimama. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.