Mchezo wa Risasi Haupumzishi: Dhana Potofu na Ukweli

Wateja ninaowapa ushauri nasaha hapa Kisumu, awe ni mwuguzi aliyetoka zamu, mwendeshaji wa bodaboda wa Kondele au mwalimu aliyelemewa na mkopo wa chama cha akiba, hunieleza jambo moja kwa maneno yanayokaribiana mno: "Daktari, huo mchezo ndio unanipumzisha." Huwa wanazungumzia Call of Duty: Mobile, PUBG Mobile au Free Fire, michezo ya simu ya kupigana risasi, tena kwa uhakika wa mtu anayetaja dawa aliyoandikiwa hospitalini. Nimeisikia kauli hiyo kupita kiasi, nami naijibu hapa kwa maandishi ili saa ya ushauri ipate kutumika kwa mambo mengine.

Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo sababu ni vigumu kuing'oa. Wanasaikolojia wanaochunguza namna watu wanavyorejesha nguvu baada ya kazi hutenganisha mambo mawili: kujitenga kimawazo na yale yaliyokuchosha, na kutulia. La kwanza mchezo unaliweza barabara, kwa maana mtu anayetega sikio kusikia nyayo za adui nyuma ya ukuta hana nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba. Hata hivyo, kinachouteka usikivu wake ni tishio, na mfumo wa neva haungoji kuhakikishiwa kwamba risasi zile ni picha tu. Adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli ya mabega hukakamaa. Mwuguzi aliyeshinda wodini katika hali hiyohiyo ya tahadhari hurudi nyumbani, akaiendeleza hadi usiku wa manane, kisha akaniuliza kwa nini usingizi haumjii mpaka saa tisa.

Mchezo wenyewe pia umeundwa kwa namna isiyoruhusu utulivu. Pambano la kawaida la PUBG Mobile huanza na hadi wachezaji 100 wanaoshuka kwa miavuli, na eneo salama huzidi kupungua mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Anayecheza peke yake, basi, hujiunga na shindano ambalo karibu kila mtu sharti ashindwe, na mara nyingi hushindwa alipokuwa amekaribia kabisa. Hawezi kulisimamisha pambano ale chakula, kwa kuwa wenzake hawatamngoja, na akishindwa mara kadhaa cheo chake huanza kushuka. Ndipo pambano "la mwisho" linapozaa la mwisho jingine. Aliyekimbia siku iliyomshinda amejitafutia mahali pengine pa kushindwa, na hasira yake humwangukia mtoto aliyepita mbele ya kioo cha simu.

Sisemi mtu aache. Nasema burudani hiyo iwekwe katika fungu moja na kutazama Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards, ambako hakuna anayedai kwamba alikwenda uwanjani kupumzika. Pambano la mwisho na liishe saa moja na nusu kabla ya kulala, na muda unaobaki utumike kutembea, hata kama ni kuzunguka mtaa tu (wateja wangu wamechoka kunisikia nikisifu kutembea, nami sijachoka kusema). Zaidi ya hayo, kabla ya kuufungua mchezo, andika kwenye karatasi deni unalolikimbia, kiasi chake na mtu utakayempigia simu kesho.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Wake na wazazi huniletea mchezaji wakiwa wamekwisha kumwita mraibu kwa kuhesabu saa alizocheza. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, kigezo si idadi ya saa, bali ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12.

Wapo pia wanaohofia kwamba kijana atageuka mwuaji. Mwaka 2020, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hii na vitendo vya ukatili mkubwa. Uhusiano mdogo uliopo ni na ukali wa kiwango cha kufokeana na kusukumana.

Mwisho ni dai kwamba marafiki wa mchezoni si marafiki wa kweli. Wengi wao ni wa kweli, na huzungumza kila usiku kupitia vipokea sauti. Swali langu kwa mteja ni kama kuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba amesimamishwa kazi. Kama hakuna, namshauri amwambie mmoja kabla ya pambano lijalo kuanza.