Giza la "Wito wa Mathayo" si uchafu: ufafanuzi kwa mahujaji

Tangu mahujaji wa Jubilei ya mwaka 2025 waanze kurejea kutoka Roma, kitengo chetu cha sanaa takatifu kimekuwa kikipokea malalamiko yanayofanana: kwamba "Wito wa Mathayo", picha ya mchoraji Mwitalia Caravaggio inayomwonyesha Yesu akimwita mtoza ushuru Mathayo, iliyomo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, imefukizwa na moshi wa mishumaa hadi haionekani, na kwamba wahusika wameshindwa hata kuipangusa. Tunaushukuru moyo huo wa kujali, lakini giza hilo ni la mchoraji mwenyewe, aliyeifanya kazi hiyo kati ya 1599 na 1600.

Kwa kuwa wapo waliopendekeza kuchangisha fedha za usafishaji, ieleweke kwamba kazi ya namna hiyo haifanywi kwa hiari ya paroko wala ya mfadhili. Sheria ya Italia ya urithi wa utamaduni, yaani Amri ya Kisheria Na. 42 ya mwaka 2004, inataka kwanza kibali cha mamlaka ya uhifadhi, na anayeigusa mali hiyo bila kibali hukabiliwa na kifungo cha miezi 6 hadi mwaka 1 pamoja na faini ya kuanzia euro 775 hadi euro 38,734.50. Akiiharibu, sheria ya mwaka 2022 inamwongezea: miaka 2 hadi 5 jela, na faini ya euro 2,500 hadi 15,000. Nia njema si kibali.

Turudi kwenye picha. Watu watano wako mezani forodhani, baadhi yao wakihesabu sarafu, na upande wa kulia wameingia Yesu na Petro. Juu yao lipo dirisha, ila halipitishi mwanga wowote. Mwanga wote unatoka kulia, nje ya picha, ukikata ukuta mshazari juu ya kichwa cha Yesu na kuwaangukia walio mezani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na tumelieleza jambo hili mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka: kivuli si dhambi, na mwanga si utakatifu wa yule aliyeangaziwa. Lau ingekuwa hivyo, Yesu angekuwa mwenye dhambi kuliko wote pale, kwa maana mwili wake karibu wote umemezwa na giza, ukaachwa sehemu ya uso, mkono, na duara jembamba la utakatifu ambalo asiyetazama kwa makini hulipita. Waliomulikwa ni watoza ushuru. Mwanga unaonyesha nani anaitwa, wala hausemi nani anastahili.

Mkono ule wa Yesu nao utazamwe vizuri. Vidole vimelegea, kiganja kimeinama kidogo, jinsi mchoraji Michelangelo alivyouchora mkono wa Adamu anayeumbwa na Mungu katika dari la Kikanisa cha Sistina, Vatikani, lililokamilika mwaka 1512. Ni wa Adamu, si wa Mungu Baba kama vijitabu vingine vya watalii vinavyodai, na anayemkumbuka Paulo akimwita Kristo Adamu wa mwisho ataona maana yake. Petro, ambaye picha za eksirei zimeonyesha kuwa aliongezwa baadaye, anaurudia mkono huohuo kwa udhaifu.

Kuhusu Mathayo ni yupi, mzee mwenye ndevu anayenyoosha kidole au kijana aliyeinamia fedha mwishoni mwa meza, wataalamu hawajaafikiana, na kitengo hakitoi uamuzi.

Mwisho, flashi za kamera zizimwe. Taa ya pale huwashwa kwa kutumbukiza sarafu (kejeli yake mbele ya meza ile tunaiachia wasomaji), na baada ya muda mfupi huzimika. Ikizimika, msikimbilie kutafuta sarafu nyingine. Subirini macho yazoee, kisha geuzeni uso kulia mtazame dirisha la kweli juu ya altare: liko upande uleule ambako Caravaggio aliuleta mwanga wake.