Samani Ndogo za Diorama: Anza na Unene wa Malighafi

Anayeanza kutengeneza samani ndogo za diorama, yaani mandhari ya umbo dogo inayoiga mahali halisi, huuliza kwanza habari za gundi na rangi, ilhali kinachoamua kama kazi yake itaaminika ni unene wa malighafi. Mimi hutumia kipimo cha 1:12, yaani inchi moja kwa futi moja, na kipimo hicho kinatufaa sana kwa kuwa mafundi wetu wa Mwanza bado huuza vitanda kwa futi na mbao kwa inchi. Kitanda cha tatu na nusu kwa sita hubaki na tarakimu zilezile, isipokuwa futi zimegeuka kuwa inchi. Kwa upande wa milimita, kila milimita moja iliyo mkononi ni milimita 12 za samani halisi, na hapo ndipo wengi huteleza. Boksi la kufungashia bidhaa, lile lenye mawimbi katikati, huwa na milimita tatu au zaidi. Ukilifanya uso wa meza, umetengeneza meza yenye ubao wa karibu sentimita nne, ambayo jicho la mtazamaji huikataa hata kama hawezi kueleza sababu.

Kabla ya kutupa kitu chochote cha jikoni, kipime kwa rula. Kijiti cha aiskrimu, ambacho kina unene wa takriban milimita mbili na upana wa sentimita moja, ni ubao halali wa upana wa sentimita 12. Kijiti cha meno kinatosha kuwa fito ya mgongo wa kiti. Boksi la dawa ya meno, lenye unene wa kama nusu milimita, linafaa kwa mgongo wa kabati, na ukitaka ubao mnene zaidi unabandika tabaka kadhaa, mradi usugue kwanza kwa msasa upande unaong'aa, kwa sababu gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya ule mng'ao. Karatasi ngumu ina mwelekeo wa nyuzi, na hukunjika kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Tabaka zikipishana mwelekeo, ubao haupindi, kama ilivyo katika plaiwudi. Weka kitu kizito juu yake hadi kesho yake, na wakati wa masika uwe na subira zaidi, maana hewa ya ziwani huchelewesha ukaukaji.

Samani ninayoombwa mara nyingi ni benchi la mamalishe, la aina unayoiona mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza. Miguu ya benchi la namna hiyo hutengenezwa kwa mbao za inchi mbili kwa mbili, ambazo kwa kipimo chetu ni kama milimita nne kila upande, kwa hiyo nabandika vijiti viwili vya aiskrimu mgongo kwa mgongo kisha navipasua kwa kisu kikali katika upana huohuo. Uso wa benchi ni vijiti viwili sambamba vyenye mwanya mwembamba kati yao, na kimo chote ni milimita 37 au 38, kwa kuwa kikao cha kawaida kina sentimita 45.

Rangi ya mti hupakwa kabla ya kuunganisha, kwani gundi ikishaziba vitundu vya mti, pale ilipomwagika hubaki doa jeupe lisiloondoka. Chovya vijiti katika chai ya rangi iliyokolea sana, viache vikauke, kisha vipake siki iliyolala siku kadhaa na waya laini wa chuma wa kusugulia masufuria, ule unaoshika kutu. Chuma kilichoyeyuka katika siki hukutana na tanini, ile dawa ya asili inayoifanya chai iwe kali mdomoni, na mti hugeuka kijivu mbele ya macho yako, rangi ileile ya mbao zilizopigwa na jua na upepo wa ziwa kwa miaka. Chupa ya siki hiyo usiifunge kabisa, kwa sababu hutoa gesi.

Kwa kitanda cha kamba, tumia uzi wa kushonea nyavu, ambao huku kwetu haukosekani. Kwa kuwa ni wa nailoni, gundi ya mbao haiushiki, kwa hiyo funga mafundo halisi chini ya fremu na uyatie tone la supagluu. Mahali pengine supagluu siipendi, maana huingia ndani ya mti na kuacha alama inayong'aa.

Shuka na mito ndiyo huharibu kazi iliyokuwa nzuri. Ua la kanga lenye upana wa sentimita tano linakuwa ua la sentimita 60 juu ya kitanda kidogo, na hakuna nyumba yenye shuka la namna hiyo. Omba kwa fundi cherehani vipande vya pamba nyembamba vyenye nukta au mistari myembamba, vilowanishe kwa gundi iliyochanganywa na maji mengi, kisha vibonyeze kwa vidole pembeni mwa kitanda hadi vining'inie kama nguo nzito. Vikikauka hivyo, vitabaki hivyo.