Je, wajua kwa nini redio ya setilaiti ya pikipiki iliyotoka Marekani hunyamaza ikifika Lubumbashi?

Pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyotumika Marekani, iwe Gold Wing ya Honda au Electra Glide ya Harley-Davidson, ikishashushwa na kontena lake bandarini Dar es Salaam na kuvushwa mpaka wa Kasumbalesa, inaweza kuingia Lubumbashi ikiwa nzima kuliko mwenyewe alivyotarajia. Injini inawaka, taa zote zinawaka, redio ya FM inashika baadhi ya vituo vya mjini. Kitu kimoja tu kinakataa: ukibonyeza kitufe cha redio ya setilaiti, kioo kinaandika kwamba kinatafuta mawimbi, na kitaendelea kutafuta hadi uzime ufunguo. Fundi anabadilisha antena, kisha waya, kisha anaanza kuishuku moduli yenyewe, yaani kijisanduku cha kupokea mawimbi, na mwenye chombo anaendelea kutoa pesa. Kwa nini redio inayosikiliza angani ishindwe katika mji ambao kwa miezi mingi ya kiangazi hauna hata wingu?

Sababu ni ya jiografia kabla ya kuwa ya ufundi. Redio ya setilaiti ya Marekani ilianza na kampuni mbili, XM iliyofungua matangazo yake mwaka 2001 na Sirius iliyofuata mwaka 2002, ambazo ziliungana mwaka 2008 na kuwa SiriusXM. XM iliziweka setilaiti zake katika mzingo ulio kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia na kwa hiyo huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja. Mahali palipochaguliwa ni longitudo ya digrii 85 na ya digrii 115 magharibi. Ile ya 85 iko juu ya Bahari ya Pasifiki, kati ya pwani ya Ekwado na visiwa vya Galápagos, ilhali Lubumbashi iko kwenye digrii 27 mashariki. Tofauti ni digrii 112. Sasa, setilaiti ya mzingo huo, hata iwe na nguvu kiasi gani, huonwa tu na aliye ndani ya digrii 81 hivi kutoka pale iliposimama, kwa sababu kupita hapo mviringo wa dunia wenyewe unaikinga. Ukihesabu kutoka 85 magharibi kuja mashariki, digrii hizo 81 zinakwisha karibu na Abidjan, na hata mtu wa Abidjan angeikuta ikigusa upeo wa macho tu. Kutoka hapo hadi Lubumbashi zimebaki digrii nyingine 31.

Sirius ilichukua njia tofauti. Ilirusha setilaiti tatu katika mizingo mirefu ya duaradufu, iliyopangwa ili kila moja ikae kama saa 16 katika kila saa 24 upande wa kaskazini wa ikweta, juu ya Amerika Kaskazini. Madereva wa kule walipata setilaiti iliyo juu sana angani, isiyozibwa kwa urahisi na maghorofa. Sisi wa huku hatukuongezewa chochote. Tena antena za setilaiti zote hizo zimeundwa ili kuielekeza nguvu yao kwenye nchi za wanaolipa ada, kwa kuwa umeme wa paneli za jua huko juu ni haba na kila wati inayoangukia bahari au bara lisilo na mteja ni hasara. Kwa hiyo hata lile suala la mviringo wa dunia lingeondolewa, bado mawimbi yangelifikia bara letu yakiwa hafifu mno kwa antena ndogo ya pikipiki.

Hapa mwenye pikipiki huuliza swali la haki: mbona GPS ya pikipiki hiyohiyo inafanya kazi? Ni kweli, ukiiwasha barabarani kuelekea Likasi itakupa latitudo na longitudo sahihi, ingawa ramani iliyomo, ikiwa bado ni ya Amerika Kaskazini, itakuonyesha alama ya pikipiki ikitembea juu ya ukurasa mtupu. Tofauti ni kwamba setilaiti za GPS ni zaidi ya 24, ziko chini zaidi, kwenye kilomita 20,200 hivi, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku ikipita juu ya mabara bila kuchagua. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya jeshi lililotaka kujua lilipo popote duniani, wakati redio ilijengwa kwa ajili ya soko moja. Wanaoona antena mbili zilizolala pamoja chini ya plastiki ya mbele hudhani zinasikiliza anga moja, na kwa maoni yangu dhana hiyo ndiyo inayowapotezea mafundi muda mwingi kuliko hitilafu yoyote ya umeme.

Ili kuelewa fundi anakutana na nini anapofungua bodi ya mbele, yaani ile plastiki kubwa inayofunika upande wa mbele, inafaa kujua kazi ilivyofanywa kule ilikofungiwa. Redio ya setilaiti ya pikipiki ina vitu viwili vinavyoshikika: moduli, ambayo ni kijisanduku kinachopokea mawimbi na kuyageuza kuwa sauti, na antena, ambayo ni kipande kidogo cha mviringo au mraba kinachoenea kiganjani. Mawimbi yenyewe yako kati ya megahezi 2320 na 2345, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 13 hivi, wakati wimbi la FM lina urefu wa mita tatu. Wimbi la FM hujipinda na kuzunguka vizuizi vidogo, lakini la sentimita 13 huenda moja kwa moja kama mwanga, na hukatwa na mwili wa dereva, na abiria, na kasha la chuma, hata na matawi mazito yaliyolowa mvua. Ndiyo sababu antena hutafutiwa mahali panapoona anga upana wote: juu ya kifuniko cha kasha la nyuma, au mbele kabisa chini ya kioo cha upepo. Plastiki haiyazuii mawimbi hayo, kwa hiyo antena inaweza kufichwa chini ya bodi ya plastiki. Chuma na nyuzi za kaboni huyazuia.

Antena nyingi za aina hii zina sumaku chini yake, kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya paa la gari, na pikipiki ya kisasa ina chuma kichache cha kushikwa na sumaku, maana fremu ya Gold Wing ni ya aluminiamu na mwili wake ni plastiki. Fundi mzuri huweka kwanza kibati cha chuma, akakibandika vizuri, kisha akaweka antena juu yake. Kibati hicho hakishikilii tu. Huiboresha antena, kwa sababu umbo lake linahitaji uso wa metali chini ili lipokee vizuri kutoka juu.

Waya wa antena ndio unaoharibika zaidi, na pikipiki huuharibu mahali ambapo gari haliwezi. Kwenye Electra Glide, bodi ya mbele imefungwa kwenye shingo ya usukani na hugeuka pamoja nao. Kwenye Gold Wing imefungwa kwenye fremu na haigeuki. Waya unaotoka kwenye kasha la nyuma kwenda kwenye moduli iliyo ndani ya bodi inayogeuka lazima uachiwe ulegevu wa kutosha pale shingoni, kisha usukani ugeuzwe kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho kabla ya bodi kurudishwa, la sivyo utabanwa. Nao si wa kukunjwa ovyo: katikati una uzi mmoja mwembamba uliozungukwa na plastiki na wavu wa shaba, na ukikunjwa kwa ncha kali plastiki hiyo husogea, umbali kati ya uzi na wavu ukabadilika, na mawimbi yakapungua ingawa kipimo cha umeme kinaonyesha waya ni mzima. Haupitishwi kando ya koili ya plagi wala haufungwi pamoja na nyaya za kuchajia.

Sehemu iliyobaki ni kazi ya kawaida ya umeme wa pikipiki. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Umeme wa moduli huchukuliwa kwenye mkondo unaofuata swichi ya ufunguo ili betri isiishe usiku, ukiwa na fyuzi yake ndogo. Moduli hulazwa juu ya mpira au sponji kwa ajili ya mtetemo, mbali na joto la injini, soketi zake zikiangalia chini ili maji ya mvua yasitiririke kuingia ndani. Kwenye baadhi ya pikipiki kuna hatua moja zaidi: redio huzungumza na moduli kwa njia ya data, na mpaka kompyuta ya muuzaji iiambie redio kwamba moduli ipo, kitufe cha setilaiti hakitaonekana kabisa.

Kisha huja kuiamsha. Kila moduli ina namba yake, inayoonekana kwenye kioo ukichagua chaneli 0. Mteja wa Marekani huitaja namba hiyo kwa kampuni, analipa, na pikipiki huachwa nje chini ya anga wazi ikiwa imewashwa, kwa sababu ruhusa yenyewe hutumwa kupitia setilaiti, na bila ruhusa hiyo matangazo hubaki yamefungwa kwa msimbo. Baada ya hapo dereva hasikii kukatika anapopita chini ya daraja: matangazo yaleyale hurushwa mara mbili kutoka setilaiti mbili, moja ikichelewa kama sekunde nne, na moduli huziba pengo kwa nakala iliyochelewa. Katikati ya miji mikubwa kuna pia mitambo ya ardhini inayorudia matangazo hayo.

Kwa hiyo fundi wa Lubumbashi anayeitazama chaneli 0 huona namba imejitokeza sawasawa na kumwambia mwenyewe, "Papa, mashine ni nzima, ni antena tu." Kioo kingemsaidia kama angekisoma kwa makini, maana ujumbe ni wa aina mbili. Ndani ya antena kuna kikuza-mawimbi kidogo kinachokula umeme unaotumwa na moduli kupitia waya uleule wa mawimbi. Waya ukikatika au ukigusana, moduli huona umeme huo hautumiki inavyotakiwa, na huandika kwamba antena ikaguliwe. Lakini ikiwa umeme unatumika sawasawa na hakuna kinachosikika, huandika kwamba inatafuta mawimbi. Ujumbe huu wa pili, ukiwa Lubumbashi, unaonyesha kwamba umeme unaifikia antena kupitia waya bila kukatika. Kununua antena nyingine baada ya kuuona ni kutupa pesa.

Afrika iliwahi kuwa na redio yake ya setilaiti, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara mzaliwa wa Ethiopia, ilirusha setilaiti ya AfriStar mwezi Oktoba 1998 na kuiweka kwenye digrii 21 mashariki, mahali ambapo mtu wa Lubumbashi angeitazama kwa kuinua kichwa digrii 74 kutoka upeo wa macho. Vipokezi vyake vilitengenezwa na kampuni kama Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, vikiwa na antena bapa iliyopaswa kuelekezwa upande wa setilaiti. Vilikuwa vya mezani na dirishani zaidi kuliko vya barabarani. WorldSpace hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa waliowekeza katika XM ilipokuwa changa. Mwaka 2008, mwaka ambao XM na Sirius ziliungana, yenyewe iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, na huduma yake ikazimika baadaye. Hata kama AfriStar ingekuwa bado inatangaza, moduli ya pikipiki ya Marekani isingeisikia, kwani ilitumia megahezi 1467 hadi 1492 na msimbo mwingine kabisa.

Kwa anayemiliki pikipiki kama hiyo leo, ushauri wangu ni kutoing'oa antena. Tundu inaloliacha kwenye kifuniko cha kasha hupitisha maji ya mvua za Desemba, na waya uliobaki wazi huota kutu ya kijani. Moduli inaweza kuchomolewa soketi, mdomo wake ukafunikwa kwa mpira, ikabaki palepale. Muziki utatoka kwenye simu, kwa Bluetooth au kwa waya wa kuingizia sauti kama redio inao.

Pesa iliyotaka kununua antena itumike kwenye FM, ambayo nayo ina kasoro ya kuzaliwa. Redio za soko la Marekani huruka hatua za 0.2 na kusimama kwenye desimali za witiri peke yake: 95.7, kisha 95.9. Kituo kinachotangaza kwenye 95.8 husikika kwa mkwaruzo, au hurukwa kabisa redio inapotafuta yenyewe, na mwenye pikipiki hudhani antena ya FM nayo imekufa. Baadhi ya redio zina sehemu ya kuchagua eneo ndani ya menyu, na ukitoka Marekani ukachagua Ulaya hatua hupungua kuwa 0.1 au chini ya hapo. Nyingine hubadilishwa kwa kompyuta ya muuzaji tu. Ni vizuri kulijaribu hilo kwanza, kabla hata bisibisi haijagusa bodi ya mbele.