Karatasi ya kwanza mezani

Ninapowaambia watu wa hapa Moshi kwamba kazi yangu ni kupanga matumizi ya bahari, wengi hucheka kwanza, kisha huuliza bahari gani hiyo. Huwaonyesha Mto Karanga wanaouvuka kila siku, kwa kuwa maji yake huingia Kikuletwa, yakapumzika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakashuka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Katika semina ndogo niliyoendesha hapa mjini, nilitandika mezani ramani ya pwani ya Tanga na kuweka juu yake karatasi angavu, moja kwa kila shughuli: njia za meli na bandari, matangi ya mafuta ya Chongoleani linakoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mashamba ya mwani, maeneo ya uvuvi, utalii. Ilipofika karatasi ya tano, bahari yenyewe haikuonekana tena. Ya viumbe ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo mipango mingi inavyoandaliwa: viwanda huchagua kwanza, na viumbe hupewa makombo. Mimi hushikilia kwamba karatasi ya viumbe ndiyo itangulie, kwa kuwa gati linaweza kusogezwa kilomita kadhaa likiwa bado mchoro, ilhali mwamba wa matumbawe au mazalia ya samaki hayasogei. Australia ilipopanga upya Great Barrier Reef, eneo lake kubwa la miamba ya matumbawe, mpango ulioanza kutumika mwaka 2004, wataalamu walianza kwa kugawa eneo lote katika kanda 70 za kiikolojia, wakaweka sharti kwamba angalau asilimia 20 ya kila kanda isivuliwe kabisa. Sehemu isiyovuliwa ikapanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi takriban asilimia 33, na meli na watalii wanaendelea kupita humo.

Kwetu, mfano unaonikosesha usingizi ni silikanti, samaki wa kale aishiye kwenye kina kirefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika majarife waliyoyatega kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya kilomita za mraba 552 kwa jina lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliosoma pete za magamba yake, ulikadiria kwamba hukomaa akiwa na miaka 50 hivi, hubeba mimba kwa takriban miaka 5, na huweza kuishi karibu karne moja. Tathmini ya mazingira ya mwaka mmoja, basi, haifikii hata nusu ya mimba ya samaki huyu; nami sioni aibu kumwambia mwekezaji kwamba ratiba yake ni fupi mno.

Jambo jingine ambalo ramani huficha ni majira. Nyangumi wenye nundu huja katika maji yetu kuzaa wakati wa kusi, hasa kati ya Julai na Oktoba, na kelele za kugongelea nguzo za gati au za kupima gesi chini ya sakafu ya bahari husafiri mbali sana majini. Eneo lile lile linaweza kufaa kwa kazi hiyo Februari na lisifae kabisa Agosti. Kwa hiyo kibali kinachotaja mahali bila kutaja miezi naona ni nusu ya kibali. Wavuvi hawahitaji kufundishwa hili, maana wao hupanga kazi kwa kusi na kaskazi, kwa bamvua na maji mafu.

Semina ilipokaribia kwisha, mshiriki mmoja anayeshughulika na umwagiliaji aliuliza karatasi ya mto iko wapi. Sikuwa nayo. Mdomo wa Pangani uko karibu kabisa na mpaka wa kusini wa hifadhi ya silikanti, na maji matamu yanapopungua, chumvi hupanda mtoni na mikoko hudhoofika; ilhali uamuzi wa maji kiasi gani yaachiwe kutoka Nyumba ya Mungu hufanyiwa huku juu. Sasa naiandaa karatasi hiyo, mwezi kwa mwezi, na itawekwa mezani pamoja na ile ya viumbe, kabla ya karatasi ya bandari.