Robo ya sikoseli haigawanywi kwa zamu

Mume na mke wenye AS, yaani wabebaji wa jeni ya sikoseli wasioumwa, wakizaa mtoto mwenye ugonjwa huu wa damu wa kurithi, hakosi jirani wa kuwapoza: "Basi, zamu imeshapita. Watatu wanaofuata watakuwa wazima." Imani hii ni ya siku nyingi, na chanzo chake ni hesabu ya mmoja kwa wanne iliyoeleweka vibaya.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Kila mzazi mwenye AS ana nakala mbili za jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), A ya kawaida na S ya sikoseli, na humrithisha mtoto moja tu. Mtoto akipata S kwa baba na S kwa mama, anakuwa SS, yaani mgonjwa. Uwezekano wake ni asilimia 25, ila ni kwa kila mimba, iwe ya kwanza au ya sita. Mimba mpya haina habari na waliotangulia.

Chukua familia 100 za namna hiyo, kila moja na watoto wanne. Kwa makadirio, 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, 42 zitakuwa na mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Huyo "mmoja kwa wanne" kamili hafikii hata nusu ya familia!

Wapo pia wachumba wanaolinganisha makundi ya damu, A na O, wakidhani wamemaliza. Hayahusiani kabisa. Kinachotakiwa ni kipimo cha aina ya himoglobini, si cha wingi wake. Wote wakionekana AS, uamuzi ni wao. Wakizaa, mtoto apimwe mapema, maana akiwa SS huanzishiwa penisilini ya kuzuia maambukizi akiwa bado mchanga.