Kutomkumbusha hakumponyi

Ndugu wakimleta mgonjwa wao kwangu, mara nyingi hutanguliza hili: "Daktari, nyumbani hatumkumbushi kabisa." Wanasema kwa mapenzi. Lakini kwa mwenye mfadhaiko wa baada ya kiwewe, yaani ugonjwa wa akili unaomshika mtu aliyepitia tukio la kutisha, kukwepa kumbukumbu ndiko kunakouendeleza ugonjwa, na laiti ningeweza kupita nyumba zote za Mombasa, ningeanza na hilo.

Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walifariki. Aliyenusurika ajali kama ile hugutuka usingizini akitapatapa, jasho likimtiririka. Honi ya feri ikilia Likoni, moyo unamwenda mbio. Harufu ya dizeli ikimfikia, yumo tena majini. Basi anaacha kwenda kivukoni, anazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, mwishowe hatoki nyumbani. Kila akikwepa anapata nafuu ya muda, na hofu inazidi kukita mizizi. Wengine hutafuna muguka ili wasilale na kuota, wengine huwa wakali kwa watoto wao.

Dalili hizi zikitokea siku za mwanzo, wengi hupona wenyewe. Msimlazimishe mtu kusimulia kesho yake ya ajali. Zikipita mwezi na bado zinamvuruga, mleteni.

Tiba yenyewe ni mazungumzo, kila wiki kikao cha hadi dakika 90, kwa kawaida vikao 8 hadi 15. Anafumba macho, anasimulia lile tukio kana kwamba linatokea sasa hivi: "Maji yanaingia. Nimemshika mkono, unateleza." Namuuliza hofu imefika ngapi kati ya 0 na 100. Tisini, anasema, na tunaendelea. Simu yake inarekodi, naye husikiliza nyumbani kila siku. Wiki zikienda, namba inashuka, na mara nyingi hujitokeza jambo ambalo hofu ilikuwa imelifunika: kwamba aliung'ang'ania ule mkono hadi mwisho. Lawama aliyojitwika miaka yote huanza kupungua hapo. Sambamba na hayo tunakwenda kivukoni, kwanza kusimama kwa mbali, baadaye kuvuka na ndugu yake.

Dawa kama sertralini husaidia. Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepamu sivipendekezi. Haviondoi kiwewe na mwili huvizoea. Dua ziendelee, mradi asiambiwe ni jini, aache tiba.

Ila akianza kusema heri afe, msingoje mwezi uishe wala siku ya kliniki. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.